Tezo la Baba na Mtondoo wa Mbweni

Mbweni, Unguja
Jumamosi asubuhi

Kwa mdogo wangu Mwanahawa, Jibondo, Mafia.

Mdogo wangu, pokea salamu zangu, mdomo ni wangu ingawa mkono ni wa Mwalimu Zuhura, jirani yangu wa mlango wa pili, maana mie na kalamu unajua hatujawahi kujuana. Hali yangu namshukuru Mola, magoti tu ndiyo yananisema kila nikiinuka. Na weye je? Lile jicho walilokutoa mtoto wa jicho linaona? Mara ya mwisho uliniambia unamwona mtu lakini humjui ni nani mpaka aseme. Si haba, wapo wenye macho mawili mazima na watu hawawajui. Na yule mbuzi wako wa pembe moja, keshazaa?

Simu sikukupigia kwa kusudi. Wewe ukipigiwa simu unaiweka sauti ya juu pale barazani, anasikia shemeji, anasikia mpita njia, anasikia mpaka muuza pweza. Haya ya leo ni yako peke yako. Akusomee mwanao Rehema, na mlango mfunge.

Ni habari ya Haji, mwanao. Mzima, haumwi. Lakini kwanza nikupe habari za Waayalandi, maana bila ya wao hutaifahamu.

Hapa Mbweni wapo wazungu wanaitwa Waayalandi. Usije ukawaita Waingereza. Mie niliwaita siku ya kwanza, Patiriki akaninunia mpaka chai yake ikapoa. Patiriki huyo ni mtu mzima, kichwa cheupe, kazi yake kuchimba visima, na Kiswahili chake kama cha mtu anayetafuna muwa, lakini unamfahamu. Yupo na Bi Nula, huyo muuguzi, na walimu walimu, wengine wanakuja wengine wanaondoka. Kila Jumapili alasiri wanakusanyika kwenye kiwanja cha pwani wanacheza mchezo wa kwao wa magongo. Gongo lenyewe kama mwiko mkubwa uliopinda shingo. Kimpira chao ni kidogo kama chenza na kigumu kama kokoto, na wanakipiga hewani, usawa wa vichwa, mtu na mwenzake. Wanawake nao wamo. Bi Nula ndiye mkali kuliko wote. Mie nnauza chai na vitumbua pale chini ya ule mti wa mtondoo ulioko ukingoni, mwaka wa kumi huu.

Siku nyengine mechi inachezwa huko huko kwao, na wao wanaitazama hapa kwenye kompyuta, kila mtu na fulana ya rangi ya mji wake, wanatukanana raha mustarehe. Bi Nula anamwambia Patiriki, "Mzee, watu wa kwenu leo wanacheza kama wanaswaga bata." Naye anamjibu, "Bata hao hao walikula mtama wenu mwaka jana." Halafu ikipigwa nyimbo ya kwao wote kimya, na Patiriki anafuta macho kwa fulana. Nkamwuliza siku moja, wewe unalia nini na kazi unayo? Akanambia, "Bi Mize, mama yangu alikufa mie niko huku. Nikilishika gongo ndo nnajua mie mtoto wa nani." Mama yetu alipokufa Jibondo, mie niko huku kwa mume, habari nlizipata siku ya tisa. Na mie hata gongo sina.

Basi. Magongo hayo huvunjika kila siku, na kuagiza kwao ni miezi. Haji tangu umlete kwangu walishamtia mchezoni, wamemweka golini, anadaka, wanampenda. Akasema, mie fundi, ntakuchongeeni. Akachonga kwa mbao za mabaki ya bandarini, yakakatika siku ile ile. Patiriki akaenda kwake akaleta gongo la marehemu baba yake, mwisho wake limefungwa bati. Akasema, "Tazama. Kwetu hatukati ubao. Tunakata pale chini, shina linapopinda kuwa mzizi, nyuzi za mti zipinde pamoja na gongo." Haji akaligeuza geuza akacheka. "Babu, hili ni taruma."

"Taruma nini?"

"Mbavu za chombo. Sie kwetu mti hatuupindi. Tunautafuta uliopinda wenyewe."

Mwanahawa, nlipomwona anasema vile nliuona uso wa baba yetu yuko juu ya chombo, sina uwongo. Nkasema alhamdulillahi, mtoto kapona. Maana unajua alivyotoka huko. Ile mashua aliyoitengeneza, ubao mbovu akauziba kwa pamba ya kalafati, rangi juu yake, ikafunguka na watu ndani. Mungu alituhifadhi, maji yalikuwa ya kiunoni. Lakini tangu siku ile nani Jibondo aliyempa hata kinu akakichonge?

Ndani ya mwezi magongo yakawa tele, mazuri, hayakatiki. Patiriki akawa anayabusu. Nkamwuliza Haji, mti umeupata wapi? Akasema, "Huko shamba, Mama Mkubwa." Sikuuliza shamba la nani. Hilo ni kosa langu, liandike, Mwalimu.

Sasa sikiliza. Ule mtondoo wetu ni mkubwa, umeota baina ya bahari na kiwanja, na umeinamia kiwanjani, ndiyo maana kivuli chake kizuri alasiri. Jiko langu la mkaa nnaliweka nyuma yake, upande wa bahari, juu ya mzizi mmoja mpana kama meza. Jumapili moja natua jiko, jiko likazama. Birika ikapinduka, chai yote mchangani. Nkapiga magoti, haya mabovu, nkafukua kwa mikono. Mzizi haupo. Umekatwa chini, pamefukiwa mchanga, mchanga umesawazishwa vizuri kama kaburi. Nkaenda mbele nkafukua, mwengine. Nkahesabu saba. Na kila penye kata kuna mstari mmoja mwembamba umeinuka katikati, kama mshipa wa mkono.

Unaujua mstari ule. Ni pengo la kwenye makali ya tezo la baba, lile alilochongea vyombo. Tezo ulilompa wewe mwenyewe mwanao siku anaondoka.

Nkamwita nyumbani. "Haji."

"Naam, Mama Mkubwa."

"Mizizi ya mtondoo kaikata nani?"

"Mti mkubwa ule, una mizizi mia."

"Nimekuuliza kaikata nani."

Akatazama chini. "Upande mmoja tu. Chombo hakizami kwa taruma moja."

"Saba, Haji. Na upande huo ndo uliokuwa ukiuvuta nyuma, kama kamba za mlingoti. Fundi wewe. Uwaambie watu."

Akanambia polepole, wala hakunipandishia sauti: "Nikisema watauliza kwa nini nilifukia. Jibondo nimeondoka kwa kufukia. Nikiondoka na huku, niende wapi? Mechi kubwa ikipita ntauwekea nguzo. Nipe mpaka hapo."

Nami nkampa. Mwanahawa, nlimpa. Nliona mtoto wako, nkasema huenda mti una nguvu zake.

Mechi kubwa hiyo ni kesho. Wanakuja Waayalandi wa Dar, na wa Nairobi, na wake zao na watoto wao, na watu wa hapa mtaani wote watakuwepo. Turubai watalifunga kwenye mtondoo, watoto wakae chini yake wasipigwe jua.

Juzi, wakifanya mazoezi ya mechi hiyo, nliona siwezi. Nkamfuata Patiriki, nkamwambia turubai usifunge pale. Akauliza kwa nini. Haji yuko golini, kasimama na gongo lake, ananitazama. Ulimi ukanigeuka. Nkasema, "Mti ule una wenyewe."

Nlidhani atacheka, aseme haya ya majini ni ya kizee, lakini atauepuka. Hakucheka. Akavua kofia. Akanihadithia kuwa kwao, shambani kwa baba yake, kuna kichaka cha miba nacho kina wenyewe, hakikatwi asilani, mpaka barabara ilipopita ilikizunguka. Akasema, "Nashukuru umenambia, Bi Mize. Tusingekuwa na adabu kucheza bila ya kuomba ruhusa." Sasa amepanga kesho kabla ya mchezo watu wote wasimame chini ya mti, watoto mbele, wafukize ubani, na mie ndiye niwaombee. Ubani keshanunua. Kanionyesha.

Umeona nlichokifanya? Palikuwa na watu wa kukaa kivulini. Mie nimewaongezea na wa kusimama chini yake.

Na mti hauko vile ulivyokuwa. Kwenye tawi la kiwanjani nnatundika kapu langu la vikombe kwa kamba, fundo sijalifungua mwaka mzima. Kapu lilikuwa likining'inia usawa wa kifua. Ilipopita ile mvua kubwa ya majuzi likawa kiunoni. Jana Ijumaa baada ya sala nlikwenda peke yangu, nkalikuta karibu na goti. Nyuma, upande wa bahari, mchanga umepasuka mstari, nimetia vidole vitatu vikaingia. Kunguru waliokuwa na viota mle hawamo, wamehamia mivinje ya mbele. Nkaweka sikio kwenye shina. Upepo haukuwepo, Mwanahawa, na mti unasema ndani, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Jana hiyo hiyo nkamwambia Haji, twende ukaone. Akasema nshaona. Hakunitazama. Chakula hakula.

Mwalimu Zuhura ameweka kalamu chini ananikodolea macho. Anasema, "Bi Mize, hili haliandikiwi Mafia, hili linasemwa sasa hivi." Nimemwambia andika kwanza, umri wangu huu sikai na roho ya mtoto wa mtu mkononi. Nlivyoazimia ni hivi, na yeye shahidi.

Kesho asubuhi mapema, kabla hajafika mtu, ntachukua kigoda changu niende nikakae chini ya mtondoo, pale pale chini ya lile tawi la kapu. Peke yangu. Watu wa Dar boti yao inafika saa nne, mpaka wapande gari waje Mbweni, mchana tayari. Haji huenda kiwanjani asubuhi kupiga chokaa mistari, Patiriki akimshikia uzi. Haji ataniona. Sitamwita, sitamwambia neno. Kama mie ni mama yake mkubwa kweli, atakuja kuniinua. Na ntakataa kuinuka mpaka amwite Patiriki aliye pembeni na uzi wa mistari, amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alichokata na alichofukia. Hapo jina lake litaumia, lakini litabaki jina. Mtu aliyesema mwenyewe kabla ya mti kuanguka si sawa na aliyesemewa.

Na gari la mwanzo likitokea njiani yeye bado yuko kwenye chokaa yake, mie ntainuka, niende njiani niwazuie wote, niseme kila kitu mpaka habari ya ile mashua. Sitamhurumia tena. Mtoto wa mtu hatasimama pale. Hilo nimeliapia, na Mwalimu naye amesema niinuke nisiinuke, yeye atakuwa njiani tangu saa tatu. Sawa. Wawili hawapotezi njia.

Unauliza, na mti je, ukinitangulia? Ndo maana barua hii inatoka leo.

Usilie mbele ya Rehema. Mie nshakula chumvi nyingi, na tangu mwanzo niliyemfichia ni mie. Angekuwa wangu wa kumzaa ningempiga kofi siku ya kwanza. Kwa kuwa ni wako nlimwonea haya, na haya hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie kofia nnayomshonea imebaki upande mmoja. Msalimie yule mkunga wetu aliyemtoa Haji miguu kwanza, akasema huyu atakuja na mambo yake. Wasalimie wanawake wenzako mnaochota nao maji, na mwalimu wa chuo cha Kurani, aniombee dua kesho asubuhi. Ingawa barua itakuwa bado iko njiani, dua haina saa.

Anayekuletea hii ni bwana mmoja wa Kilindoni, anaondoka alasiri. Kampokee mwenyewe, usimtume mtu, maana pamoja na barua kuna kifurushi kizito kimefungwa kwa kanga yangu ya zamani. Ni tezo la baba. Nimelitoa chini ya kitanda cha Haji leo alfajiri na yeye hajui. Liweke uvunguni, usilinoe, na lile pengo usilizibe.

Atakapolikosa atajua lilikoenda. Akikupigia simu kuliuliza, basi amesema, ameniinua, maana aliyefukia hathubutu kuliuliza, na umrudishie. Zikipita siku na halijaulizwa na mtu, ujue hakuniinua, ndugu yangu, na usiifungue hiyo kanga.

Mie dada yako,
Mize