Sharti Nililompa Bibi Wakuru

Jumatatu, 3 Machi 1986
Darasa la ubatizo. Watu tisa. Leo nilifundisha Utatu, Mungu mmoja katika nafsi tatu, saa nzima. Vichwa maji watupu. Bibi Wakuru, mzee kuliko wote, akasema kumbe ni kama mji mmoja wenye nyumba tatu. Wakacheka. Nikamsimamisha kama mtoto wa darasa la pili. Najua miguu inamuuma. Alisimama mpaka mwisho.

Jumatano, 5 Machi
Barua ya mchungaji kutoka Musoma. Atabatiza Pasaka, hapa hapa Nyamuswa, kwenye lambo la ng'ombe. Anataka orodha ya walio tayari. Na mimi nataka anipeleke chuo cha Biblia. Miaka sita ya uinjilisti, sina hata sabuni ya kufulia shati la ibada. Orodha yangu itakuwa safi kuliko zote.

Ijumaa, 7 Machi
Somo: wokovu. Nimewaambia Yesu alikufa badala yetu na akafufuka, basi hakuna anayenunua msamaha. Neema ni bure. Bibi Wakuru akauliza, "Hata mbuzi hatoagi mtu?" Hata mbuzi. Akaanza kulia. Machozi ya wazee yananikera.

Wenzake walipoondoka nikampa sharti. Yeye hakujaliwa kuzaa. Mumewe alipokufa, bibi mwenyewe akatoa ng'ombe, akamwoa msichana, Nyangeta, amzalie watoto wa nyumba yake. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoita. Watoto sasa wawili. Nimemwambia mwanamke kuoa mwanamke ni machukizo: amrudishe kwao kabla ya Pasaka au asahau maji. Akasema, "Mwalimu, yule ni mkwe wangu. Wale ni wajukuu zangu." Nikamwambia Mungu hana habari na wajukuu wa namna hiyo. Nilifurahi. Naandika ukweli, hapa hakuna wa kunisoma.

Jumapili, 16 Machi
Bibi Wakuru haonekani darasani wala ibadani. Sikwenda kumwona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Alhamisi, 20 Machi
Amemrudisha. Niliona mwenyewe pale basi la Bunda linaposimama. Nyangeta, watoto, godoro, sufuria mbili. Mtoto mdogo aling'ang'ania kanga ya bibi yake. Bibi akamfungua vidole, kimoja kimoja. Basi lilipoondoka akaja kwangu moja kwa moja. "Tayari, mwalimu." Nikaandika jina lake. Jioni nilikula vizuri sana.

Jumatano, 26 Machi
Nyangeta ameshaolewa huko Bunda, na mkulima wa pamba. Baba yake hakungoja hata wiki. Vizuri. Jambo limekwisha.

Ijumaa Kuu, 28 Machi
Mchungaji amefika na pikipiki, tope mpaka magotini. Nikampa orodha. Nikamsimulia na habari ya Bibi Wakuru, nikitegemea sifa. Akavua miwani. Akauliza nani alinituma. Anasema sharti hilo halipo. Mwenye nyumba ya namna hiyo huambiwa asiongeze mke mwingine, na awatunze alio nao. Kisha akauliza yule baba alimpa mwana mpotevu sharti gani pale njiani kabla ya kumkumbatia. Mimi niliyefundisha habari hiyo mara ishirini! Namchukia mtu huyu.

Jumamosi, 29 Machi
Mchungaji alikwenda Bunda kuwafuata Nyangeta na watoto. Alirudi peke yake. Mume mpya amesema ng'ombe ameshatoa, mke ni wake na watoto ni wake. Mchungaji hakula.

Pasaka, 30 Machi
Wamebatizwa wote tisa. Wanane walipotoka majini walipokewa kwa vigelegele na kanga kavu. Bibi Wakuru alitoka akasimama ukingoni, maji yakimchuruzika. Hakuna aliyekuja. Mimi nilikuwa hatua tatu tu. Sikusogea. Mchungaji akavua koti lake akamfunika. Na kabla ya kuzamishwa, bibi alipoulizwa kama anaamini, yeye ndiye aliyejibu kwa sauti kuliko wote.

Jumatatu, 31 Machi
Nimekwenda kwake. Nilimkuta anapalilia pamba peke yake. Nikachukua jembe lililoegemea ukuta, tukapalilia mpaka jua likawa kali. Nilitaka kuomba radhi. Sikuomba. Tukaingia ndani, akanipa maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki, cha mtoto. "Unisamehe, mwalimu. Vikubwa viko juu kule, sifikii. Nyangeta ndiye alikuwaga ananishushia."

Nikavishusha vyote. Vilikuwa vinne. Akaviangalia, akasema nivirudishe vitatu.