Baba Musafiri, kaseti ile haikuwa mbovu

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumapili ile ya saa kumi alasiri ulipotutoka, kwenye kitanda cha hospitali karibu na dirisha, bila mtu wa nyumbani kando yako. Hilo la mwisho ndilo lililotuuma mwaka mzima, na ndilo tunalotaka kuzungumza nawe leo. Lakini kwanza acha watu wajue ulikuwa nani.

Mtaani kwetu Buyenzi walikuita Mzee Sinema. Vijana wa leo hawajui kwa nini, maana wao sinema wanatembea nayo mfukoni. Ulikuwa na chumba kimoja kirefu cha mabati, benchi kumi na moja, televisheni moja, deki moja ya kaseti, na kipaza sauti ulichokizungushia raba kwa sababu kilikuwa kinakupiga umeme. Filamu zilikuja kwa Kifaransa. Wewe ulijifunza Kifaransa kwa mapadri wa Uvira uliowapikia ukiwa kijana. Sisi wengine hatukukijua. Basi ulikaa kwenye kiti kando ya televisheni, ukatufasiria kila neno kwa Kiswahili. Uliwasemea wote: jambazi, polisi, bibi harusi. Hata mbwa akibweka ulitueleza anataka nini.

Na ulikuwa na tabia ya kusimamisha filamu. Katikati ya vita, watu wameshika vichwa, wewe unabonyeza kidude, picha inaganda.

"Mumeona?" unauliza. "Huyu amesimama mbele ya risasi juu ya kuokoa rafiki yake. Yesu alifanya vile vile, tena juu ya watu wenye hawakukuwa rafiki zake. Haya, tuendelee."

Tajudini, fundi wako wa deki, Mwislamu wa Buyenzi tangu babu yake, alikuwa anakaa benchi la mbele kila siku. "Mzee Musafiri," alisema, "sisi tulilipa filamu. Hatukulipa mahubiri."

"We hata filamu hujalipa," ukamjibu, na chumba kizima kikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Wachumba kwenye filamu wakianza kubusiana, ulisimama mbele ya kioo, ukatugeuzia mgongo. "Wanasalimiana," ulisema. "Wakimaliza nitawaambia." Akina mama wenye watoto wachanga uliwaweka karibu na mlango wapate hewa. Jioni ulifagia mwenyewe, ukaifunika televisheni kwa kitenge cha Mama kama mtu anayefunika mgonjwa.

Wazee wa kanisa walikuita, wakasema shemasi haonyeshi filamu za bunduki, uchague. Ulichagua. Wakakuvua ushemasi. Ulirudi nyumbani, ukala, ukalala. Asubuhi ukamwambia Mama, "Yesu alisimuliaka mambo ya mutu mwenye alipigwa na wanyang'anyi mu njia. Ile ni filamu. Iko tu bila umeme." Jumapili iliyofuata ulikwenda kanisani kama kawaida. Ulikaa nyuma, ukaimba sauti ile ile. Ulikuwa unasema kila filamu ina Yesu mahali fulani, mtu akivumilia mpaka mwisho.

Nyumbani hukuwa baba wa maneno mengi. Maneno yako yote yaliishia kwenye kipaza sauti. Hukutuambia hata siku moja kwamba unatupenda. Ulitununulia viatu vinavyozidi ukubwa ili vidumu, na ulivipaka rangi mwenyewe.

Mimi ninayeandika ni Méthode, mwanao wa kwanza. Niliacha shule darasa la sita. Nikiwa na miaka kumi na tisa niliiba deki yako, nikaiuza, nikavuka mpaka kwenda Uvira. Jambo hili naliandika wazi kwa sababu Buyenzi wanalijua hata nisipoliandika. Sinema ilifungwa miezi miwili. Televisheni ilibaki chini ya kitenge chake, na wewe, wanasema, uliendelea kufagia chumba kila jioni.

Nilikaa Uvira miezi saba. Niliporudi sikuthubutu kufika nyumbani. Nilisikia umepata deki nyingine, basi niliingia sinema kama mtu mwingine yeyote, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, nikakaa benchi la mwisho.

Filamu ilikuwa ya mzee mmoja Mzungu mwenye farasi wengi. Mwanawe alikuwa amemuuza farasi mzuri kuliko wote, akakimbilia mjini, na mji ukamtapika. Nilipokaa tu, kijana alikuwa anarudi kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Mzee akatoka barazani. Wakatazamana. Kwenye kipaza sauti ukanyamaza, wewe ambaye hukunyamaza hata kwa mbwa. Kisha mzee akafungua mdomo, akanyoosha mkono, nawe ukasema:

"Anamwambia: mutoto wangu, farasi ni farasi tu. Tutapata ingine. We nitakupata wapi ingine? Pita kule, kwa mulango ya jiko. Mama yako alikuwekea chakula."

Pale pale ukazima.

"Kaseti iko mbovu," ulisema. "Imeishia hapo."

Tajudini akasimama. "Mbovu namna gani? Mi nilisafisha deki leo asubuhi."

"Nilisema kaseti. Sikusema deki."

Watu wakanung'unika, wakatoka. Mimi nilibaki benchi la mwisho. Ulikuwa umeinama unakunja waya, hukuniangalia.

"We," ulisema. "Shika upande ule wa benchi."

Tukazipanga benchi zote kumi na moja. Tukaenda nyumbani. Chakula kilikuwepo. Habari ya deki hukuniuliza mpaka unaingia kaburini.

Maneno ya yule mzee wa farasi niliyabeba zaidi ya miaka ishirini. Niliwasimulia vijana wangu kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, wakiharibu kazi na kuogopa kurudi. Niliwaambia kuna Mzungu mmoja mwenye roho nzuri. Lakini kulisimulia jambo ni rahisi.

Jumapili ile ya mwisho ilikuwa zamu ya Fabrice kukaa nawe, mjukuu wako, mwanangu, miaka ishirini na moja. Saa nane akaondoka kwenda uwanjani kutazama nusu fainali ya mpira ya timu ya mtaa wetu. Aliporudi, shuka lilikuwa limekufunika mpaka usoni. Mimi nilifika kabla yake. Akanikuta nimesimama hapo.

"Papa, ni babu alinituma," alisema. "Alisema, 'Enda unitazamie, kisha ukuje unisimulie.'"

Ulikuwa huwezi hata kumeza maji siku ile, Baba, sembuse kusema. Nikamwambia mbele ya wagonjwa na wauguzi, "Muongo we. Unamsingizia maiti. Na usikanyage lango yangu."

Hakulikanyaga. Siku ya mazishi alisimama upande wa pili wa kaburi, na dada yangu Irène, na jioni Irène akaondoka naye kwenda kwake Mutanga Nord. Mwaka mzima sikulitaja jina lake. Mke wangu Christa alimpelekea chakula kila Jumapili kwenye bakuli la mfuniko wa bluu. Bakuli lilikuwa linakwenda limejaa, linarudi limeoshwa, na mimi najifanya sioni.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunapanga siku ya kukukumbuka. Nikasema tuwaonyeshe watu filamu ya mzee wa farasi, kile kipande chake kizuri. Nilimpa Tajudini kaseti aiweke kwenye flash. Akaja nayo mwenyewe kwangu Gihosha, kwa pikipiki, na magoti yake yale ya uzee.

"Méthode," alisema kabla hajaketi, "papa yako alinidanganya miaka yote. Kaseti iko muzima. Nimeiangalia mpaka mwisho, haina hata mukwaruzo."

Tukakaa kuiangalia: mimi, Mama, Christa, Tajudini, na Lisette binti yangu, ambaye anafundisha Kifaransa. Mama alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Kijana akaja na vumbi lake. Mzee akatoka barazani.

"Sikiliza hapa," nikamwambia Lisette. "Hapa ndipo penyewe."

Mzee akanyoosha mkono. Lisette akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Papa, hasemi vile."

"Anasema nini?"

"Anasema, 'Mwanangu alikufa siku ile. Wewe sikujui. Ukitoka, funga lango.'"

"Na ule mkono? Si anamwonyesha mlango wa jikoni?"

"Anamwonyesha lango, Papa."

Filamu ikaendelea. Kijana akageuka, akaondoka, akafunga lango taratibu kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Mzee akabaki na farasi wake. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo na muziki wake.

Mama ndiye aliyeanza kusema, macho kwenye maharage. "Mi nilijua."

"Ulijua nini, Mama?"

"Ile siku ulirudi, ulipokwisha kulala, aliniambia, 'Dorothée, leo nilidanganya watu makumi sita.' Nikamuuliza, 'Utatubu?' Akasema, 'Ya leo, apana. Yule muzee alikosea. Mi nilimusahihisha tu.'"

"Lakini alinionaje? Nilikuwa nimevaa kofia mpaka machoni."

"Kofia ilikuwa yake," Mama alisema.

Tajudini alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitoka nje. Nilisimama kwenye lango langu, ambalo nililichomelea kwa mikono yangu miwili, na nikasikia sauti ya yule mzee wa farasi, yake mwenyewe, ya Kifaransa, ambayo sikuwahi kuielewa, ikitoka kinywani mwangu pale hospitalini. Neno kwa neno, Baba. Mpaka lango.

Ulituambia kila filamu ina Yesu mahali. Ile haikuwa naye. Ulitazama nyuma ya chumba, ukaona kofia yako, ukamtia mwenyewe, kisha ukazima kabla watu hawajaona kwamba hayumo. Mimi niliyeponea hapo nilikuwa baba zaidi ya miaka ishirini bila kujua kwamba mtu anaruhusiwa kukataa maneno aliyoandikiwa.

Kesho yake nikaenda Mutanga Nord. Fabrice alikuwa uani kwa Irène anaanika nguo. Aliponiona, akalishika shati mkononi asijue alitundike au aliweke chini. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba. Haikutoka hata nusu.

"We," nilisema. "Jumamosi tuko na benchi za kupanga. Peke yangu siwezi."

Akalitundika shati. "Ngapi?" aliuliza.

"Nyingi."

Irène, kutoka jikoni, akasema, "Shangazi mtu nimefua mwaka muzima, na leo ndio mwenye mali anakuja." Lakini sauti yake haikuwa ya ugomvi.

Sikumuuliza Fabrice kama kweli ulimtuma. Sitamuuliza. Kama ulimtuma unajua wewe, na kama hukumtuma unajua wewe vile vile.

Jumamosi watu walijaa uani Gihosha. Tuliimba, tukaomba, tukala. Picha yako ilikuwa mezani, ile ya shati jeupe, imeegemezwa kwenye televisheni ya zamani, na Mama alikuwa ameifunika televisheni kwa kitenge. Watu walipotulia, nikamwambia Fabrice mbele ya wote, kama nilivyomfukuza mbele ya wote:

"Babu yako anangoja. Ule mpira ulikwendaje?"

Alisimama kando ya picha, mahali pale pale ungekaa wewe. Mwanzoni hakusikika. Kisha sauti ikaja. Alikusimulia dakika zote tisini, Baba. Alimsemea refa, akamsemea kipa, akamsemea mama mmoja aliyeingia uwanjani na mwavuli kumtetea mwanawe. Akasimamisha mpira katikati, akasema, "Hapa, Babu, nilitaka kurudi kwako. Nikasema dakika tano tu. Unisamehe." Kisha akaendelea mpaka timu yetu ikafunga bao la pili na watu uani wakapiga makofi kana kwamba ni leo.

Tajudini aliniinamia sikioni. "Méthode, mi nilikuwa uwanjani. Tulifungwa. Mbili bule, sisi hata moja."

Nikamwambia, "Nyamaza, Mzee. Kaseti iko mbovu."

Nakuandikia matokeo ya kweli hapa kwa sababu huko uliko wameshakuambia. Usimkasirikie mtoto. Amerudi nyumbani, anakula na sisi, na asubuhi hii ndiye aliyefungua lango.

Tunaokukumbuka ni mkeo Dorothée, wanao Méthode na Irène, mkweo Christa, wajukuu wako Lisette na Fabrice, na Tajudini, ambaye anasema mpaka leo hajalipa.

Siku zote za maisha yetu utabaki nasi, Baba. Benchi tumezipanga. Pumzika.