Mkalimani wa Majitu na Kaka Yangu Chacha

Mafinga, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unaweza kuamka na kutembea mpaka kwenye migomba bila magoti kukusumbua. Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi dereva ilifika? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mke wangu Tumaini anakusalimu, na mjukuu wako sasa anatembea, anaanguka na kuinuka mwenyewe bila kulia. Baridi ya Mufindi mwaka huu imezidi. Asubuhi ukungu unashuka kwenye misonobari hata mwenzako wa upande wa pili wa msumeno humwoni, unamsikia tu akikohoa kwa vumbi la mbao.

Shemeji Bhoke, najua ni wewe utakayemsomea mama. Nakuomba usiruke mstari wowote, hata unaomtaja marehemu mume wako, hata unaoniumbua mimi. Ukichoka, pumzika. Mama atakusubiri.

Mama, ningeweza kupiga simu. Nimeishika mara nyingi nikairudisha mfukoni. Kwenye simu ukikasirika unakata, na mimi nikianza kulia maneno hayatoki. Karatasi inasubiri.

Siku shemeji aliponipigia kunijulisha kwamba Chacha amefariki, nilikuwa kiwandani tunapanga mbao. Alisema homa ilimshika siku tatu tu, figo zikakataa kazi, na kwamba mazishi ni kesho yake. Nilimjibu, "Shemeji, mimi sina kaka." Nikarudi kupanga mbao. Jioni nikala, nikashiba, nikalala. Nakuambia hivyo ujue mwanao alikuwa amefika wapi.

Sababu unaijua, ulikuwepo. Ilikuwa wiki ya tatu tangu tumzike tata, mumeo. Baba wakubwa na wadogo walikuwa wamekaa uani, chakula hakijaisha. Chacha akasimama katikati yao akasema, "Huyu Mwita si damu ya tata. Mama alimpata nje, mwaka ule tata alipokuwa kazini Musoma." Wewe ulikuwa umeshika bakuli la mboga. Hukuliangusha. Uliliweka chini taratibu, ukaingia ndani. Mimi nilimrukia, watu wakanishika mikono. Akanitupia begi miguuni, akasema, "Gari liko barabarani. Panda. Usishuke Musoma, usishuke Mwanza. Nenda mpaka ufike mahali hakuna mtu anayejua Kikurya."

Nilikwenda. Miaka kumi na mitatu sikumtamka jina. Na wewe, ingawa nyumba zenu zinatazamana, hukuingia tena kwake, hukula alichopika mke wake, hata maji anayokuchotea Bhoke ulisema ayaache mlangoni. Walipomzika, ulikaa ndani mpaka watu wakamaliza kufukia. Sikulaumu. Nilikuwa na furaha kusikia hivyo, Mungu anisamehe.

Sasa nikueleze kilichotokea baadaye.

Wiki moja baada ya mazishi mvua ilinyesha siku mbili, kazi ikasimama. Tumaini alikuwa anatafuta magunia chini ya kitanda, akalivuta lile begi la zamani. Ndani kulikuwa na kitabu. Akaniuliza, "Hiki cha nani?" Nikamjibu, "Cha mtu aliyekufa." Akataka kukiweka juu ya moto, maana kuni zilikuwa mbichi. Sijui kwa nini nilimnyang'anya.

Unakikumbuka, mama. Ni kile ambacho Chacha alikuja nacho kutoka Issenye, alipokuwa anakaa kwa shangazi akisoma sekondari. Mbuzi wetu alikula jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatukuwahi kujua jina lake wala aliyekiandika. Tulikisoma machungani zamu kwa zamu, na jioni tukikusimulia wewe ukipepeta mtama. Ni hadithi ya nchi ambayo haipo, yenye majitu yanayoishi milimani na watu waliojifungia ndani ya ngome. Uliwahi kutuuliza, "Hayo majitu yote huko mlimani yanakula nini?"

Mimi nilimpenda Rejo, kijana mwenye upanga unaowaka. Chacha alimpenda Sheto, mkalimani wa majitu, mtu mwembamba asiye na silaha, kazi yake kusikia lugha ya majitu na kuwaambia watu. Katikati ya kitabu Sheto anarudi kutoka mlimani na kuwaambia watu wa ngome kwamba majitu yamesema Rejo ni mtoto wa msaliti, na asipofukuzwa ngome itaangamia. Watu wanamfukuza Rejo. Anaondoka na chuki. Baadaye anarudi na jeshi, anashinda, anakuwa mkuu. Sheto hatajwi tena. Utotoni niliutemea mate ukurasa ule. Chacha akacheka, akaufuta kwa shati lake, akaniambia, "Wewe unamfuata Rejo kwa sababu ana upanga. Siku moja kisome tena, umfuate Sheto tu. Kila anaposema uongo, jiulize anamkinga nani."

Siku ile ya mvua nilikaa mlangoni nikakisoma hivyo. Nilitaka kuona kwamba alikuwa mpumbavu.

Mama, kila Rejo alipokuwa anapigana, nilijiuliza, Sheto yuko wapi saa hizi? Nikaanza kuona vitu. Kurasa chache kabla ya ule uongo, Sheto anapanda mlimani peke yake, na anaporudi hali chakula. Kesho yake anakwenda kwa mshona viatu na kuagiza viatu vya safari, na mshona viatu anashangaa kwa sababu si saizi ya mguu wake. Nikaelewa kwamba majitu hayakusema lolote kuhusu usaliti. Yalisema yanataka kichwa cha Rejo. Sheto alijua kwamba akimwambia kijana yule akimbie, atachomoa upanga na kubaki mpaka afe. Kwa hiyo akatafuta neno la kumfanya aondoke mwenyewe, akiwa hataki hata kugeuka nyuma. Halafu kuna mstari mmoja. Rejo yuko mbali, juu ya kilima, anaona lango la ngome linafunguliwa na mtu asiye na silaha anatoka kuyaendea majitu. Rejo hamtambui. Kitabu kinaendelea na safari yake. Mstari huo nimeupita utotoni mara nyingi sana, na sikuwahi kujiuliza mtu yule ni nani.

Niliweka kitabu chini. Nikakumbuka kwamba begi alilonitupia Chacha lilikuwa limeshafungwa. Nguo zangu zote zilikuwa zimekunjwa, na kitabu kimewekwa katikati ya nguo, mahali ambapo hakiwezi kulowa.

Hapa, shemeji, usiruke.

Mama, kabla tata hajafa, mimi na Matiko na wenzetu wawili tulivuka mto tukaenda kuchukua ng'ombe kwa watu wa ng'ambo. Nilikwenda kwa kutaka sifa. Watu waliamka, wakatukimbiza, nikageuka nikapiga mshale. Ulimpata kijana wao mmoja kwenye nyonga. Hakufa, ila hakutembea tena sawasawa. Nilikuambia ng'ombe wale wanne nimepewa na rafiki nikae nao, nawe ukaamini. Nilidhani hakuna aliyeniona uso.

Nikampigia Matiko. Sasa ni dereva wa bodaboda pale Tarime. Nikamuuliza, "Baada ya mimi kuondoka, wale watu wa ng'ambo walikuja?"

Nikamsikia akizima pikipiki.

"Mura, ndugu yangu, unaniuliza leo?"

"Nakuuliza leo."

"Hawakuja. Chacha ndiye aliwafuata. Walikuwa wamejua mshale ni wako, wamepanga na siku ya kuja. Yeye alipata habari gulioni siku mbili kabla hajakufukuza. Ulipopanda gari tu, akawaswaga wale ng'ombe wanne mpaka kwao, mchana kweupe, peke yake. Akawaambia, mdogo wangu nimemfukuza, hamtamwona tena, mlichotaka kumfanyia yeye nifanyieni mimi."

"Wakafanya nini?"

"Si ulisikia habari za mkono wake."

Mama, ule mkono wa kulia. Vile vidole viwili. Alikuambia vimekatwa na mashine ya kukoboa, nawe ukaniambia kwenye simu kwamba ni laana ya kumtukana mama mzazi. Nikakujibu, imempata.

Nilimuuliza Matiko kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema Chacha aliwaapisha wote watatu. Aliwaambia, "Mwita akijua, atarudi siku hiyo hiyo." Nikamwambia Matiko, lakini angeweza kuniambia nikimbie. Akaniuliza, "Angekuambia, ungekimbia?" Nikafikiri. Nilikuwa na miaka ishirini, tata amekufa, nimejiona mwanamume wa boma. Nikamwambia, "Nisingekimbia." Akasema, "Basi," akawasha pikipiki kwa sababu abiria alikuwa amefika.

Tangu hapo silali vizuri. Tumaini ananiambia nimekonda. Kazini juzi nilisahau kuondoa mkono karibu na msumeno, mwenzangu akanivuta shati. Na sitakuficha, kuna siku nina hasira naye. Kwa nini alichagua uongo ule? Angesema nimeiba. Angesema nimempiga mke wake. Kwa nini alilichukua jina lako akalitupa mbele ya wanaume? Nimejiuliza sana, na jibu ninalolipata linaniumiza zaidi. Kuitwa mwizi ningebaki kubishana. Kuitwa mkorofi ningebaki kupigana. Ni neno lile moja tu lingenifanya nisitake kuiona ardhi ile. Alinijua, mama. Na alijua kwamba wewe hutamsamehe. Alilisema akiwa anakutazama wewe na bakuli lako, na ninaamini alishahesabu kwamba kuanzia siku ile atakuwa na mama anayeishi hatua thelathini kutoka mlangoni kwake na hamsemeshi.

Nimekitafuta kitabu chote ukurasa kwa ukurasa nione Sheto aliishia wapi. Hakuna. Rejo anapovishwa ukuu, watu wanaimba, wanakunywa, hakuna hata mmoja anayeuliza mkalimani yuko wapi. Nilikasirika na huyo mwandishi nisiyemjua jina. Kisha nikaona kwamba hata mimi nilikuwa nimepanga mbao siku niliyoambiwa kaka yangu amekufa.

Shemeji Bhoke, kama ulijua, ulibebaje? Kama hukujua, nisamehe kwamba unalisikia kwa kulisoma kwa mdomo wako mwenyewe. Ulinipigia siku ya msiba wako nikakujibu kama mbwa. Hukunitukana. Ulisema tu, "Haya, shemeji," ukakata. Neno lile nalisikia kila msumeno unapozimwa.

Mama, wewe ni mama yangu na sikufundishi la kufanya. Alichosema mbele ya watu kilikuwa uongo, nami nitasimama mbele ya baba wadogo waliobaki niseme hivyo, kila mmoja asikie, jina lako lirudi lilipokuwa. Lakini nakuomba usisubiri nifike. Ukimaliza kusomewa, kama magoti yanakubali, mwambie Bhoke akushike mkono mwende mpaka pale alipolazwa. Usiseme lolote kama huna la kusema. Kaa tu. Alikaa miaka yote hiyo akikutazama unapita uani bila kugeuza shingo, na bado kila asubuhi alihakikisha kuni zako zimepasuliwa kwa mkono wenye vidole vitatu. Uliniambia mwenyewe kwamba hujui ni nani anayekuwekea kuni zile. Matiko anajua. Na wewe, mama, nadhani ulijua.

Nimeomba ruhusa kazini. Nitakuja kabla ya mahindi kukauka, mimi na Tumaini na mtoto. Lakini Tarime nitashuka peke yangu, wao watatangulia kwako. Mimi nitapitia kwanza ng'ambo ya mto, kwa yule niliyemtia mshale. Matiko anasema ana familia sasa, anatembea kwa mkongojo. Nitamwambia mtu aliyekuja na ng'ombe wale hakuwa na kosa, mwenye kosa ni mimi, na nimechelewa. Sijui atanipokeaje. Usimtume mtu kunizuia. Chacha alikwenda bila mtu.

Nisalimie mjomba anayefua vyuma, na shangazi wa Issenye mwambie kitabu kilichotoka kwake kipo. Msalimie jirani yetu mchunga mbuzi, na wote walioubeba mwili wa kaka yangu siku ambayo mimi sikuwepo. Waambie nawashukuru kwa mabega yao. Shemeji, wabusu watoto wako. Waambie baba yao mdogo anakuja.

Nakuombea usingizi, mama, kwa sababu mimi sina.

Ni mimi,
mdogo wake Chacha,
Mwita