Namba za Plasta

Ndugu yangu Baraka,

Hujambo kipa wangu? Durban mvua inanyesha. Jana hapa Isipingo nilitazama timu ya chuo kimoja, msimu wao wa kwanza, namba za jezi wamebandika kwa plasta, kama sisi enzi zile. Mvua ikambandua winga namba kumi na moja plasta moja, akabaki na namba moja, ya kipa. Mkongomani tuliyesimama naye akacheka, "Eish, makipa iko wawili!"

Nikakumbuka refa alivyotaka kunitoa kwa kosa hilohilo. Ukabandua moja yako, ukanibandika, ukadaka mechi nzima bila namba. Nikamtazama kipa wao. Hakusogea kumpa winga wake plasta yake.

Nimekumiss, bwana. Shemeji na watoto nawasalimu sana.

Wako,
Kumi na Moja