Skola Hayumo

Jumatatu, 3 Juni
Edina ameifuta tuzo tena asubuhi. Mke wangu huyu! Vyombo vya jana bado viko kwenye beseni, lakini tuzo inang'aa. Wageni kabla hata ya chai. Kila mmoja anaishika, anaipima uzito, anauliza kama ni dhahabu. Si dhahabu. Chini imeandikwa Mwongozaji Bora, na jina langu. Nimelisoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Jumamosi filamu yangu inaonyeshwa nyumbani kwa mara ya kwanza, ukumbi wa kanisa, Lumemo. Dar waliilia. Majaji walisifu ukimya wake. Filamu hainitishi. Anayenitisha ni Skola.

Jumanne, 4 Juni
Skola ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Anakaanga samaki mtaa wa Viwanja Sitini. Mtani wangu tangu utotoni. Ananiita mume wangu mbele ya Edina, na Edina anamuunga mkono. Kwenye filamu alicheza muuza samaki anayemkaripia mjane shambani kule Kisawasawa. Akateleza, akaingia kwenye mfereji wa mpunga na beseni lake, akaendelea kukaripia kutoka matopeni. Tulicheka hadi kamera ikatikisika.

Sehemu ile nimeikata yote. Mjane ametoka kuzika mume, watu wanatakiwa walie, na Skola yuko kwenye matope. Tuzo nimeipata bila yeye. Hajui.

Leo amenipa mkia wa kambale, kama kawaida. Mtani hula mkia, tumbo lenye mafuta ni la anayemheshimu, ndivyo anavyosema.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda kumwambia. Nimemkuta anapimwa gauni la kitenge kwa fundi wa jirani. "Mume wangu, Jumamosi nitang'aa kuliko hiyo sanamu yako!" Ameshaalika wateja wake wote. Wale wa Kisawasawa wanakuja na lori.

Nikaagiza samaki. Nikala. Nikarudi nyumbani. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 7 Juni
Edina kasema nisipomwambia leo, atamwambia yeye. Nikaenda. Nikamwambia kwa sentensi moja, macho kwenye kikaango. Nikangoja matusi. Skola hajawahi kukosa tusi la kunipa. Akageuza samaki.

"Sawa, Tadei."

Tadei. Si mume wangu. Imeniuma vibaya. Nikimpoteza Skola, hiyo tuzo nitacheka nayo na nani?

Jioni. Tuzo haipo kabatini! Edina anacheka hadi anashika ukuta. Skola alikuja nikiwa ukumbini nafunga spika, akaitia kwenye ndoo ya samaki, akaondoka nayo. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki, unakikomboa. Nimempigia simu kuuliza anataka nini.

"Mume wangu, nataka nionekane."

Nimefurahi kuitwa mume. Kisha nimekaa chini. Kesho wanakuja wakubwa wa halmashauri, wanataka kupiga picha na tuzo. Itabidi ile sehemu niionyeshe kwanza, na filamu ya msiba haianzi na vichekesho. Itaharibika mbele ya watu wa kwetu.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi nimeitafuta ile sehemu kwenye kompyuta. Ipo.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Skola mstari wa mbele, gauni jipya, ndoo miguuni. Mgeni rasmi akauliza tuzo iko wapi. Nikasimama, nikasema imetekwa na mtani. Vicheko. Mgeni rasmi naye akataka kujua mtani anadai nini. Nikabonyeza. Skola, beseni, mfereji. Watu walipiga mabenchi. Wakataka irudiwe. Nikarudia. Mwenyewe kasimama, anapunga mkono kama mbunge.

Kisha filamu. Nilijua nimeshaiua. Lakini mjane alipokaa peke yake kichanjani, anafukuza ndege kwenye mpunga wa marehemu, ukumbi ukanyamaza. Mtu mmoja akaanza kwikwi pale mbele. Skola.

Mwishoni akaja na ndoo, akanikabidhi tuzo mbele ya wakubwa. Akavua kitenge alichojitanda juu ya gauni, akanivika mabegani. Vigelegele. Akaniambia sikioni: "Ulifanya vizuri kunitoa. Ningewaharibia kilio. Ila ungeniambia mapema, mshenzi wewe." Nikalia. Dar sikulia.

Picha zote nimetoka macho mekundu. Mgeni rasmi kashika tuzo mbali na suti yake.

Jumapili, 9 Juni
Misa. Usingizi. Edina ameisugua tuzo kwa ndimu, bado inanuka samaki. Nimemwambia aiache. Kitenge nimekitundika kando yake.

Jioni nimepita kwa Skola. Wateja wanamwita Mama Mfereji, naye anaitika. Foleni ndefu, hatukuongea sana. Kanifungia samaki kwenye gazeti, akamhudumia mwingine.

Nimefungua nyumbani, nikamwonyesha Edina. Si mkia. Kipande cha tumboni.