Ndevu za Kijani za Haji Bayumi

Nagla, nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Lile bango la kumpokea Haji Bayumi kutoka Makka. Nilitaka nyuma ya picha yake tu pawe kijani, kikolee juu, kififie chini. Nikamwaga rangi kwa ile ndoo ya kwenye kompyuta. Sasa ukuta mweupe, kanzu nyeupe, ndevu nyeupe. Rangi ikapita kote, nami nikachapa bila kutazama.

Ndevu za kijani, Nagla. Mita sita, juu ya mtaa.

Haji kashuka garini, kaganda. Mimi natafuta pa kujificha. Akawageukia wanawe: "Hii ndiyo nuru niliyowaambia kwenye simu, mkasema nimepigwa na jua."

Nuru, Nagla.

Sasa Haji Shalabi, aliyerudi jana, yuko hapa dukani amefura. Anauliza kwa nini kwenye bango lake ndevu niliziacha nyeupe.