Kwa Mama Mikate: Tanuri Bado Linawaka

Mwaka umetimia, Dada, tangu ulipotutoka, na tanuri lako bado linawaka. Waliokuwa wakisubiri lizimwe, wakalale.

Ulimzaa binti mmoja tu, lakini mtaa mzima ulikuita Mama. Kila mtoto aliyepita dirishani kwako akienda shule aliondoka na kipande cha mkate wa moto. "Haya, shika, toka hapa usinizibie wateja!" ulifoka, nao wakacheka, maana walikujua.

Ugonjwa ulianzia miguuni. Ukawa unayumba barabarani, na wenye midomo yao wakasema umelewa. "Siku nikilewa nitawaalika," ukawajibu, ukapita zako. Daktari akasema ni MS: kinga ya mwili wako mwenyewe inakula ganda la mishipa ya fahamu. Hauponi, unatulizwa kwa dawa. Tena ujihadhari na joto. Joto! Mwoka mikate!

Kaka yetu mkubwa hakungoja. Alikuja na mnunuzi, wakaanza kulipima tanuri na wewe umekaa palepale.

"Mdogo wangu, pumzika sasa," akasema.

"Kaka, nakuheshimu, lakini tanuri haliuzwi. Siku nikishindwa kusimama mezani, mlete huyo mtu wako."

Basi ikawa vita ya kusimama. Ulijifunga taulo la maji baridi shingoni. Vidole vilipokufa ganzi, ukawa unalipima donge la unga kwa shavu kama limeumuka, unainama na kulilalia kama mtoto mchanga, kisha unasema, "Bado," au "Tia ndani." Tulikucheka, lakini hukukosea hata mara moja.

Mgongo ndio uliotaka kukusaliti. Miguu ilipolegea, kiuno kilibeba kazi yote, kikakakamaa kama ubao. Ndipo ukaenda kwa tabibu wa mgongo, yule anayenyoosha viungo kwa mikono. Watu wakaja juu: utapeli, atakuvunja shingo! Mimi nilikusindikiza, nikasikia kwa masikio yangu.

"Mama, ugonjwa wenyewe siuponyi," alikwambia. "Dawa za daktari usiache, na nitazungumza naye kabla sijakugusa. Ninachoweza ni kulegeza huu mgongo, polepole, maumivu yapungue."

"Nani kakwambia nimekuja kuponywa? Nataka kuinama mpaka kwenye donge na kuinuka tena. Mengine niachie."

Akacheka mpaka akakaa chini. Ukamwendea kila wiki. Kuna siku ulirudi umechoka vilevile, na hukuficha. Lakini siku nyingi uliinama, ukainuka, na sisi tuliokuwa tukikuchungulia mlangoni tukapumua.

MS haikukutoa mezani, Dada. Tuiseme wazi ili isijisifu. Nimonia ndiyo iliyokuchukua, ghafla, na aproni yako ilikuwa bado na unga. Tulilia, na mpaka leo tunalia. Tuna hasira pia, na hatuombi radhi kwa hilo.

Kaka alikuja tena juzi. Binti yako alimwona mlangoni, akashika mwiko. "Mjomba, kama umekuja na mtu wako..." Hakuwa na mtu. Alinawa mikono, akasogea mezani, akainama na kiuno chake cha kizee, akalilalia donge kwa shavu, ndevu na yote. Tukangoja. Ndevu zilikuwa nyeupe kwa unga, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Bado kidogo," akasema.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anaamka kuwasha moto, binti yako, kaka yetu, wifi na shemeji zako, tabibu wako wa mgongo, anayepitia mkate wake kila asubuhi, watoto wa dirishani, na mimi, mdogo wako.

Maisha yetu yote tutakukumbuka, Dada. Na tanuri haliuzwi.